Mama, Tumeanza Kuongea na Ciru

Mpendwa mama,

Nimechoka, na kilichochoka zaidi ni mdomo. Hungeamini. Mimi, yule uliyemtuma chumvi akarudi mikono mitupu kwa kuogopa kumwita mwenye duka.

Tulipokuzika, Ciru alikuwa na miezi mitatu. Baba nami tuligawana kazi bila hata kujadiliana. Yeye humwogesha asubuhi kabla ya kwenda kazini Ngara. Mimi nikitoka shule humchukua kwa Mama Brayo, jirani anayeshinda naye, nampa uji, nambadilisha nepi. Hajawahi kulala njaa. Tulidhani kulea ni hayo tu.

Alipofika miezi tisa tulimpeleka kliniki kuchanjwa. Nesi akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, Ciru akageuka. Akamchekesha, akamwita, akangoja. Ciru akamtazama tu.

"Anasikia vizuri," nesi akasema. "Lakini wa umri huu huwa na kelele, ba-ba, da-da. Huyu nani huongea na yeye huko kwenu?"

Baba akaangalia viatu vyake. "Sista, sisi si watu wa maneno."

"Basi mtakuwa. Mwambieni mnachofanya, halafu mnyamaze mumngoje ajibu. Mkirudi mwezi ujao akiwa hivi, nitawaandikia barua ya hospitali kubwa."

Tulirudi Kangemi kimya, nami nikakukumbuka. Uliongea na kila kitu. Gesi ikizima: "Wewe nawe, sijamaliza!" Ciru akiwa mgongoni: "Tunakata mboga za sukuma, Ciru, nyembamba, ndugu yako hapendi nene." Mimi nilikuwa naziba masikio nisome. Sasa ningetoa kitabu chochote nilicho nacho nikusikie ukigombana na jiko.

Nilianza siku hiyo hiyo. "Hii ni soksi," nikamwambia, nikaona aibu, maneno yakaisha. Nikamsomea noti zangu za jiografia, mmomonyoko wa udongo. Mama Brayo akachungulia mlangoni: "Wee mwalimu, huyo mtihani wake ni lini?" Nilitamani kuingia chini ya kitanda. Baba naye, kwa kuwa Ciru ana jina la nyanya, mama mzazi wa Baba, humsalimia kama mtu mzima: "Mami, umeshindaje? Ngara leo kulikuwa na jua kali." Kisha tunangoja, wanaume wawili tukimkodolea macho mtoto.

Wiki tatu, hakuna kitu. Nilisinzia darasani mara mbili. Kuna siku nilikukasirikia, mama, kwa kuondoka na maneno yote ya nyumba hii. Nisamehe. Niliogopa kwamba tumemharibu kwa ukimya wetu.

Jana jioni nilikuwa namwambia habari za viazi nilivyokuwa namenya. Nikanyamaza, nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika saba, akasema, "Ba." Halafu, "Ba-ba-ba-ba!" akinyooshea sufuria mkono kama mtu anayelalamikia huduma. Baba alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, hataki kuingia asije akamkatiza. Ciru alipotulia, tulimjibu wote kwa pamoja, hakuna aliyesikika.

Sijui nesi atasema nini wiki ijayo. Bado nimechoka, na nina kazi ya hesabu sijaigusa. Lakini nikuache hapa, mama. Ananiita kutoka kwenye mkeka, na ni zamu yangu kujibu.

Mwanao wa kwanza,
kaka yake Ciru