Njaa ya Jioni na Kiu ya Wafula

Wabera, Isiolo

Mayi mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti lako linavumiliaje baridi ya asubuhi? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado anawazungusha tu? Sisi huku tuko wazima, ila upepo wa kiangazi umetupaka wote rangi ya barabara. Nafagia asubuhi, nafagia mchana, na vumbi linarudi kabla sijaweka ufagio chini.

Mama, Jumapili ulianza kulia kabla sijamaliza neno, kisha simu ikakatika. Ndiyo sababu nakuandikia. Najua mke wa mchungaji alipita hapa Isiolo, akarudi kukuambia kwamba Nekesa amekwisha, nguo zinamning'inia. Naomba unisikie: mimi si mgonjwa. Sina ule ugonjwa unaoufikiria, wala sikosi chakula. Nimepungua kwa kutaka kwangu. Keti nikueleze tangu mwanzo, na tafadhali usiruke mistari kutafuta habari mbaya.

Tangu figo za mdogo wangu Wafula zikatae kazi, unajua anavyoenda kusafishwa damu kila wiki kule Eldoret, anakokaa kwa Shangazi. Krismasi ulisema mbele yetu sote kwamba hutaki kusikia habari ya ndugu kumtolea figo, kwamba kisu kimoja hakitakuchukulia watoto wawili. Nilinyamaza. Lakini wewe ndiye uliyenizaa, unajua mimi kunyamaza si kukubali. Mwaka mpya ulipoingia nilienda Eldoret kupimwa.

Damu zetu zilipatana, Mama. Nilitaka kupiga vigelegele pale pale. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, akaniambia, "Ngoja kwanza." Akanipandisha kwenye mizani, akanipima presha, akanipima tena.

"Kwa uzito huu siwezi kukupasua," akasema. "Sitamponya mdogo wako kwa kukuharibu wewe. Nenda upungue polepole, halafu urudi."

Polepole! Wafula amevimba miguu, uso umekuwa rangi ya majivu, na mimi naambiwa polepole. Nilitoka pale nikimwita daktari mwoga moyoni, na haraka ya mtu aliyeacha sufuria motoni.

Nikarudi Isiolo nikajitungia sheria yangu mwenyewe: asubuhi chai ya rangi, mchana hakuna kitu. Mchana wala haukunisumbua. Miguu iko kwenye cherehani, huyu anataka mapazia, yule anataka sare ya mtoto ishushwe pindo, nami njaa ikibisha naiambia ingoje. Shida ilikuwa jioni.

Jua likilegea, mji huu wote unaanza kupika. Nyumba ya nyuma wanakaanga vitunguu. Ng'ambo ya barabara kuna mtu wa nyama choma. Na langoni kwetu anakaa Habiba, jirani yangu wa ukuta mmoja, na karai lake la sambusa. Babu yake aliletwa hapa akiwa askari wakati wa mkoloni, na ukoo wao haukuondoka tena. Nusu ya mji ni binamu zake, na wote wanapita kununua sambusa. Pembeni ana birika la chai ya maziwa ya ngamia, ile yenye harufu ya moshi. Mama, njaa ile haikuanzia tumboni. Ilianzia puani, ikapanda kichwani, ikashuka mpaka vidoleni.

Tangu mjukuu wako Brenda aende shule ya bweni, nyumbani ni mimi na redio. Basi ningeketi, niinuke. Nifungue kabati, nilifunge. Ninywe maji. Nitoke kuanua nguo, nikute bado ni mbichi, nirudi, nifungue kabati tena kana kwamba kuna mtu ameniwekea kitu kipya. Jioni moja nilipika chapati nikijidanganya ni za kiamsha kinywa. Nilizila zote nimesimama pale pale kwenye jiko, bila mchuzi, mpaka sahani ikabaki na unga tu. Kesho yake nikajiadhibu kwa kutokunywa hata ile chai. Na jioni ikawa mbaya zaidi.

Habiba naye ana desturi ya kuniletea kisahani kila akimaliza kuuza. Nilianza kukataa. Mara ya kwanza nikasema nimeshiba, mara ya pili nikasema jino linauma. Mara ya tatu aliweka kisahani mlangoni, akajifunga leso vizuri, akaniuliza, "Mama Brenda, nimekukosea nini? Au siku hizi mkono wangu ni mchafu?"

Nikashindwa kujizuia. Nikamweleza yote, ya Wafula na ya mizani, huku nalia kama mtoto.

Akakiokota kile kisahani. "Sasa wallahi, kitu kikubwa hivi unakificha, mimi nakuletea mafuta mlangoni?" Halafu akanitazama. "Leo mchana ulikula nini?"

"Sikula."

"Jana?"

"Chai."

"Basi hiyo si njaa ya jioni, dada yangu. Ni njaa ya mchana imekuja kudai haki yake."

Nilienda hata kliniki ya hapa kuuliza, na muuguzi akaniambia vivyo hivyo: nile mchana nishibe, nipunguze mafuta na sukari, nisikeshe na tumbo tupu. Basi nikaanza kula saa ya watu. Ndengu, sukuma wiki, ugali wa kiasi, siku nyingine yai. Jioni chakula chepesi mapema, kisha nafunga mlango na kwenda kutembea wakati ule ule karai la Habiba linapochemka. Akiniona napita ananipungia kijiko cha matundu na kusema, "Pita haraka, shetani ameamka!" Wateja wake wanacheka, nami nacheka, na miguu inaendelea.

Sitakuambia tamaa iliisha. Hapana. Kuna jioni nilitembea na mate yamenijaa mdomoni kama mbwa wa buchani. Lakini ilikuwa inakuja, inanisukuma, halafu inapita.

Kisha Wafula akajua. Shangazi alishindwa kufunga mdomo. Wafula alinipigia simu nikiwa njiani, hata salamu hakunipa.

"Dada, nani amekutuma? Sitaki figo yako. Una mtoto."

"Na wewe una dada," nikamwambia.

"Nikikufia kitandani Mayi atasema nini? Na wewe ukinifia mimi nitaishije?"

Tuligombana mpaka nikaishiwa pumzi. Akasikia ninavyohema, akauliza, "Kwani uko wapi saa hizi?"

"Natembea. Nikikaa ndani nitakula."

Kisha nikasikia kitu kinagongana na meno yake. "Mimi nimeweka kipande cha barafu mdomoni," akasema. "Nikikaa karibu na jagi nitakunywa."

Mama, hukuwa umeniambia habari ya maji. Sikujua kwamba anapimiwa hata kikombe, kwamba figo zikilala maji hayana pa kutokea, kwamba jioni joto la mchana likimpanda hulamba midomo mpaka inachanika. Tulianza kucheka, mmoja ana njaa na mwingine ana kiu, wote wazima na akili zetu. Tangu siku hiyo hunipigia jioni, nami natembea huku naongea. Ananiambia habari za mpira, namwambia habari za mabibi harusi wanaobadilisha mawazo nguo ikishakatwa. Tulikatazana kutaja chakula na vinywaji, lakini yeye huvunja sheria, hunikumbusha ule mto wa nyumbani tulipokuwa tunalala kifudifudi na kunywa kama ndama.

Halafu jioni moja simu haikulia. Nikapiga, kimya. Jioni ya pili pia kimya. Shangazi hakushika. Nilizunguka nyumba hii kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilikula, Mama. Nilinunua sambusa kwa mtu mwingine kule mbali ili Habiba asinione, nikala, nikapika ugali, nikala, na tumbo lilikuwa limejaa lakini mikono haikutulia.

Siku ya tatu akapiga, sauti nyembamba kama uzi. Walikuwa wamemkimbiza hospitali hawezi kupumua, maji yameingia mapafuni.

"Nilikunywa, Dada," akasema. "Nilishindwa. Nilikunywa jagi lote."

Ningemkaripia. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nikasema, "Hata mimi nilikula."

Kisha akauliza, "Tuanze tena?"

"Tuanze."

Tangu jioni hiyo hajakataa tena figo yangu. Wala mimi sijamwita daktari mwoga.

Wiki iliyopita nilirudi Eldoret. Daktari alinipima, akanipima tena, presha imeshuka, uzito umekubali. Akanisalimu kwa mikono miwili. Bado kuna vipimo na maswali, na wanataka kuniona tena kabla ya kupanga siku. Hakunificha: kupasuliwa ni kupasuliwa, na kuna hatari kwangu na kwake. Nami sitakuficha. Usiku nalala vizuri, lakini mchana nashona mshono mmoja na kuufumua, kwa sababu kuna kitu kimoja sijakipata, nacho kiko kwako.

Sikuombi useme huogopi. Hata mimi naogopa. Naomba tu uje Eldoret, uketi mbele ya yule daktari, umuulize maswali yako yote, hata yale unayoona ni ya aibu. Ukishamsikia, useme la moyoni mwako. Lakini usikatae ukiwa mbali, ukiwa na hofu na maneno ya mke wa mchungaji peke yake.

Nisalimie Baba, umwambie koti lake limekwisha kushonwa, nitalileta mwenyewe. Msalimie Kukhu, na ikiwa atauliza kwa nini mjukuu wake amekonda, mwambie ukweli; yeye ana kifua kuliko sisi sote. Msalimie Mjomba anayekuchotea maji, na wake za ndugu zangu kila mmoja kwa jina lake. Habiba anakutumia salaam, anasema mama wa jirani yake ni mama yake.

Barua hii ikikufikia, nipigie. Piga jioni, jua likishuka. Hata kama jibu ni hapana, piga saa hiyo, tutembee pamoja.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Nekesa