Mama na Kifaa cha Kuonyesha Njia

Mama, shikamoo tena, maana ile ya asubuhi hukuiitikia. Uji umo jikoni, umefunikwa. Kifaa kipo kwenye chaji, usikiguse.

Ni kweli jana, tukienda kwenye kikao chako, ulisema tupinde kulia. Kikasema kushoto kwa ile sauti yake ya kike, nikakitii, tukaishia kwenye ukuta wa kiwanda cha matofali. Ukashuka kwenye pikipiki, ukaenda kikaoni kwa miguu huku ukipaza sauti: "Mimi niliyekuzaa hunisikii, huyo bibi asiye na sura unamtii!" Mafundi wakacheka mpaka wakakaa chini.

~~Leo nakirudisha dukani.~~ Sikirudishi. Natafuta riziki kwa kubeba abiria kwenye mitaa ambayo hata wewe huijui.

Jioni nakupeleka kwa shangazi. Kitakuwa mfukoni, kimezimwa. Njia utasema wewe. Tukipotea, nakiwasha. Yule bibi wa ndani yake angalau hanuni.

Mwanao, kitinda mimba