Piga Mpaka Ulie

Mpendwa mshauri, msaada ninaouomba ni wa haraka na aibu yake ni kubwa, kwa hiyo nakusihi usinicheke mpaka ufike mwisho, na ukishafika mwisho pia usicheke. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, nimeongoza shule ya msingi miaka ishirini na miwili, na tangu nistaafu nimekuwa nyumbani nikimsahihisha mke wangu namna ya kukunja mashuka, mpaka siku moja akaniletea tangazo alilolibandua ukutani posta, kwamba kuna karakana inafundisha watu wazima kuunda mashua za mbao kwa mikono na kuziendesha kwa tanga, kila Jumanne na Alhamisi, akaniambia, "Baba watoto, nenda kaunde mashua, unanimaliza." Nikaenda, na pale mlangoni nani akanipokea, penseli sikioni na vumbi la mbao mpaka kwenye kope, kama si yule binti niliyemfundisha darasa la tano, ambaye kila nikimaliza kueleza somo alinyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, sijaelewa," nami nikamsimamisha mbele ya darasa wiki nzima ili ajifunze kusikiliza, na sasa ndiye mwenye karakana na ndiye anayetufundisha.

Alinipokea vizuri, sikatai, tena ananiita Mwalimu mbele ya wenzangu wote, yaani kinyozi, muuguzi, mshona nguo na ndugu wawili wauza matairi. Lakini wiki ya pili yule binti alitusimamisha kando ya mashua kuukuu iliyoletwa kutengenezwa, akaniambia, "Mwalimu, hii imekauka sana, hebu ipe sifa," nami kwa kuwa kusema mbele ya watu ndiyo kazi niliyoizoea, nikakohoa, nikashika mkanda, nikaisifu mashua ile kwa dakika tatu hivi, uimara wake, umbo lake, utumishi wake kwa jamii, mpaka nikaona muuguzi amejiziba mdomo kwa aproni na kinyozi amekaa chini kabisa, ndipo nikaonyeshwa taratibu ndoo ya mafuta ya papa, yale yanayopakwa kwenye mbao zisipasuke, ambayo mafundi huyaita sifa, na harufu yake, mshauri, haina la kusifiwa. Tangu siku hiyo nikaapa sitauliza kitu pale, kila nikiambiwa neno naitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa ndani ya mashua.

Sasa sikia balaa lenyewe. Tulipofika kwenye kukalafati mashua yetu, yaani kusukumiza pamba kwenye mshono kati ya ubao na ubao, kwa patasi butu na nyundo ya mti, ili maji yasipite, kila mtu alipewa mshono wake na mimi nikapewa wa chini kabisa, unaopakana na mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, na yule binti akainama akaniambia, "Huu ndio wenye kazi, Mwalimu. Piga mpaka ulie," akaenda zake. Mpaka nilie. Hebu jiweke mahali pangu, nikajua kisasi kimefika, miaka thelathini na zaidi ameitunza ile wiki moja, nikasema haya, nitalipa, nikalala chali chini ya mashua nikapiga, bega likawaka moto, shingo ikagoma kugeuka, nyuzi za pamba zikaniingia machoni, na baada ya saa moja na nusu machozi yakanitoka, tena kwa macho yote mawili, nikaweka nyundo chini. Yeye kwa upande wa pili akauliza, "Umelia?" Nikajibu kwa uchungu, "Ndiyo." Akasema, "Hongera. Basi wako sikagui, kwa Mwalimu sina wasiwasi."

Alhamisi iliyopita, tukiwa kwenye chai, nikamsikia kinyozi akimwambia muuguzi kwamba katika kazi yote hii anachokipenda ni pale mshono unapolia, maana pamba ikishashiba, nyundo inaacha kusema pu na kuanza kusema ti, na hapo ndipo unajua maji hayapiti. Chai ikanikwama. Mshono wangu haukulia hata kidogo, niliyelia ni mimi, na sasa umefunikwa kwa lipu na rangi ya kijani ya kupendeza, na Jumamosi ya wiki ijayo mashua inashushwa majini na watu wanane, sisi wanafunzi sita, yeye, na mke wangu asiyejua kuogelea ambaye ameshanunua kofia. Nimefikiria kujifanya mgonjwa, nimefikiria kubeba ndoo mbili na kusema ni za pambo, lakini kumwendea yule binti nikamwambia sikuelewa, mshauri, neno hilohilo nililomsimamishia wiki nzima, mdomo unakataa. Nifanyeje? Jina langu tafadhali usilitaje.

Mstaafu Mwenye Nyundo

JIBU

Mstaafu, nimecheka. Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, tukacheka wawili. Barua yako nimeirusha mbele ya watu kumi wenye matatizo ya wakwe, kwa sababu wakwe watakuwepo tu, ila mashua yako ina tarehe. Sasa kicheko kimekwisha, nisikilize.

Watu wanane wanapanda chombo chenye mshono mtupu na wewe unawaza ndoo? Najua aibu inauma. Kuanza upya ukiwa na mvi ni kazi, na kuchekwa na kinyozi si mchezo. Pole, nasema kwa dhati. Lakini maji hayajui kwamba ulikuwa mwalimu mkuu.

Halafu hilo la "yule binti". Nimehesabu, umemwita hivyo mara nne katika barua moja, na Mwalimu hujamwita hata mara moja, wakati yeye kila akifungua kinywa anakuita Mwalimu. Ana zaidi ya miaka arobaini, ana karakana yake, na wewe ni mwanafunzi wake. Anza hapo.

Na kisasi unachokiona hakipo, umekitoa kichwani mwako mwenyewe. Anayetaka kukulipiza hakupi mshono ulio muhimu kuliko yote halafu akaacha kuukagua. Kutokagua alikosea, na nadhani atakiri mwenyewe. Ila amekosea kwa kukuamini, na nafikiri hicho ndicho kinachokukwama kooni kuliko chai.

Sasa fanya hivi. Usipige simu. Usimtume kinyozi, wala mke wako na keki. Mke wako mwambie leo, kabla hujatoka nyumbani, maana naye ana haki ya kujua alichonunulia kofia. Kisha nenda karakana kwa miguu yako, na ukifika usianze na historia ya elimu. Sema, "Mwalimu, mshono wa chini haukulia. Sikuelewa, na sikuuliza." Nyamaza hapo. Lipu itakwanguliwa, pamba itapigwa upya, na kama safari itasogezwa wiki moja, kofia haiozi.

Ile wiki ya darasa la tano usiichanganye na mshono ili uonewe huruma. Mashua kwanza. Ikishakuwa salama, mtafute akiwa peke yake, umwombe radhi, na kwenye radhi hiyo neno "lakini" lisiwemo. Mtoto wa miaka kumi na moja alinyoosha mkono mbele ya darasa zima akasema hajaelewa, akaadhibiwa, na bado hakuacha kuuliza, ndiyo maana leo anajua kuunda mashua. Wewe, na umri wako wote, umeshindwa kulisema neno hilo mbele ya watu watano wenye aproni. Nani alipaswa kumfundisha mwenzake?

Jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba. Lakini fikiria kidogo, kuna karakana ngapi zenye mwalimu mkuu mstaafu aliyeihutubia mashua dakika tatu? Kuificha barua hii ningeweza, sikutaka, kwa sababu kuna watu wanane ndani yake. Gazeti hili linafika madukani saa mbili asubuhi, na karakana, nimeulizia, inafunguliwa saa tatu. Una saa moja ya kumwambia wewe kabla hajasoma. Vaa viatu.