Vidole na Rangi Yake Nyekundu

Shoga, acha kila kitu usome. Vidole kavuliwa nguo mbele ya ukumbi mzima!!

Si unaijua ile rangi yake nyekundu anayoitoa kwenye kuvu, iliyomganda mikononi mpaka maabara nzima tukampa jina hilo? Leo alikuwa anawaonyesha wageni. Picha ukutani: bakteria wamekufa, seli za saratani zimekufa, eti rangi ndiyo imeua. Mama yake mgonjwa wa saratani kakaa mbele kabisa, kajifunga kitambaa ambacho bintiye alikitia rangi hiyohiyo. Uso unang'aa.

Bosi wetu akanyoosha mkono. Sauti ya upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. "Rangi yako unaiyeyusha kwenye spiriti. Spiriti peke yake uliijaribu?"

Vidole akatikisa kichwa.

SPIRITI PEKE YAKE, shoga! Hakuijaribu! Yaani huenda muuaji ni spiriti, rangi ilikuwa inasindikiza tu.

Bosi akatabasamu. "Kosa hilo nililiona tangu mwanzo. Nikaona bora ujifunze mbele za watu."

Watu wakacheka. WAKACHEKA. Vidole akaficha mikono mgongoni kama mtoto aliyedokoa sukari.

Bado hujasikia. Yule mama alishakataa matibabu ya hospitali, anasubiri dawa ya mwanawe. Wakati wa kutoka nilikuwa nyuma yao. Mama akamwekea bintiye kola vizuri, akamuuliza polepole, "Kwa hiyo dawa yangu itachelewa kidogo?"

Na Vidole, macho makavu kabisa, akamjibu: "Kidogo tu, mama."