Do ya Papa Yangu na Do ya Maître

Bagira, 19 Machi 1979

Maman Cibalonza,

Wengine wanakuandikia gazetini wakiwa na machozi, mimi nakuandikia nikiwa na hasira, nami nataka unijibu kabla hasira hii haijanifanyisha jambo ambalo sitaweza kulirudisha.

Mimi ni mke wa mtu, nina watoto watatu, nilimaliza sekondari. Nilizaliwa Nyantende katika nyumba ya Waprotestanti, na papa yangu, muzee Bulonza, ndiye aliyeongoza nyimbo katika kanisa letu dogo kwa miaka mingi, na mimi alinifundisha solfeji nikiwa bado mdogo kwa kuchora ngazi kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, do, re, mi, fa, sol, la, ti, kisha do ya juu, na kati ya mi na fa alikuwa anachora vipandio karibu karibu, vilevile kati ya ti na do, akisema hapo mguu unakwenda hatua fupi, nawe ukiisahau hatua hiyo utaanguka. Na alinifundisha kwamba do ni nyumbani kwa wimbo, wimbo ukianza juu do iko juu, ukianza chini do iko chini, pale wimbo unaporudi kupumzika ndipo penye do.

Nilipoolewa na Mkatoliki nikahamia kanisa la mume wangu, papa hakuja kwenye harusi, wala hakunitembelea, hata watoto aliwaona kwa sababu nilimpelekea, na ilikuwa hivyo mpaka mwaka jana alipougua mguu nikaenda kumuuguza, basi Noeli iliyopita tukiwa tumekaa wawili akaniambia bila kunitazama, "Pasaka nitakuja kwenu Bagira, nikusikie ukiimba." Maman, papa yangu hajaweka mguu katika kanisa la Wakatoliki tangu azaliwe. Nilitoka nje nikalia.

Sasa sikia. Mimi ni alto, sauti ya pili ya wanawake, katika korali ya parokia, na Maître Mushagalusa, anayetuongoza, alinipa ubeti wa pili wa wimbo wa Pasaka niuimbe peke yangu. Jumamosi tarehe 3 Machi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, tulikuwa na mazoezi, akatuonyesha karatasi ya noti akaniambia niseme majina ya noti zangu, na kwa kuwa wimbo unaanza na kuishia pale pale nikaimba do.

"Weye maman, do umeitoa wapi? Ile iko fa!"

Nikasema, "Kwetu ile ni do, Maître. Ndipo wimbo unakaa."

"Do iko moja tu," akasema. "Iko ku kinanda, haina miguu. Fa iko fa, hata uilie."

Nikamuuliza kwa heshima kabisa ile alama ya bemol, ya kushusha sauti, kwenye noti ya si inafanya nini pale, maana nilitaka kuelewa, akanijibu, "Iko pale kwa sababu imeandikwa." Nikamuuliza kwa nini yeye anasema si na sisi tulisema ti, akageukia masoprano akasema, "Mumusikie Maman Ti!" Na tangu siku hiyo, Maman, hata watoto wa katekisimu wananiita Maman Ti barabarani.

Hapo ndipo nilipokasirika. Kinanda cha parokia, panya walikula ngozi ya mivukuto yake zamani, na Maître anatupa sauti kwa koo lake mwenyewe, siku akiwa na mafua tunaimba chini, siku akiwa mzima tunaimba juu mpaka masoprano wanakauka. Basi nikasema mbele ya wote: "Maître, Jumamosi iliyopita fa yako ilikuwa chini, leo iko juu. Kama haina miguu, ilipanda na nini?"

Colombe, mwenzangu wa alto, alicheka mpaka akashika ukuta, na mmoja wa mabesi akapiga kelele kutoka nyuma, "Ilipanda taxi ya Kadutu!" na korali nzima ikavunjika kwa kicheko.

Maître hakucheka. Alikunja karatasi yake akaniambia polepole, "Citoyenne, hapa si mu temple yenu ya Baprotestanti. Papa yako alikufundisha uongo, na weye unatuletea uongo yake mu korali ya Bikira Maria. Utasimama hapa mbele ya bote useme: nilichofundishwa kwetu ni uongo. Ukishasema, utaimba. Ukikataa, Pasaka utakaa ku mabenchi na wengine." Na akanipa mpaka mazoezi ya tarehe 7 Aprili, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Jioni niliyaandika maneno yake katika kitabu changu cha kila siku, kwa hiyo sikuongezei hata moja.

Nilimweleza mume wangu nikitegemea asimame, yeye akaendelea kuvua viatu. "Sema tu, maman. Ni maneno. Maneno haina kilo." Tangu siku hiyo nampikia, lakini sizungumzi naye.

Colombe ana shauri lingine. Anasema nikubali, niseme hiyo sentensi, nipewe ubeti wangu, halafu Pasaka kwenye wimbo huo maalto wote tufunge midomo, Maître abaki anapunga mikono hewani mbele ya parokia nzima. Maalto wamekubali. Nami, Maman, nakiri kwamba kila ninapofua nguo naiona sura yake siku hiyo, na nguo zinatoka safi.

Au nimwambie papa asije? Nimdanganye kwamba mtoto anaumwa? Mtu aliyengoja miaka yote hiyo!

Niambie mambo mawili. Do ya papa yangu ni uongo au si uongo? Na nifanye nini, nimkane papa niimbe mbele yake, au ninyamaze aje anikute nimefukuzwa?

Maman Ti, kama wanavyoniita

JIBU LA MAMAN CIBALONZA

Mama Alto,

Sitakuita lile jina jingine. Wacha waliolibuni walichoke wenyewe.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Kuhusu solfeji mimi sijui kitu, kwa hiyo nilikwenda kwa sista mmoja mzee anayefundisha muziki, nikamsomea maswali yako bila kutaja mtu. Alisikiliza, akacheka kidogo, kisha akakasirika kuliko wewe. Alisema katika nchi za wenzetu kuna shule zinazofundisha do ya Maître, na kuna shule zinazofundisha do ya papa yako, na wote wanaimba, na hakuna aliyewahi kufa.

Alinifafanulia hivi, nami mjinga nikaelewa. Maître anaita noti kwa jina lake. Mushagalusa ni Mushagalusa, aingie nyumba yoyote. Papa yako anaiita kwa nafasi yake katika familia. Kila nyumba ina mzaliwa wa kwanza, na wa kwanza kwenu si yule wa kwanza kwangu, lakini nani atasimama aseme mzaliwa wenu wa kwanza ni uongo? Do ya papa yako ni mzaliwa wa kwanza wa kila wimbo. Katika wimbo wenu wa Pasaka, huyo mzaliwa wa kwanza jina lake ni fa. Ninyi wawili mlikuwa mnamwita mtoto mmoja, tena mnapigiana kelele. Na ti yenu na si yao ni kipandio kile kile.

Bemol je? Hapo sista alichukua kalamu akanichorea. Ukianza ngazi yako kwenye fa, ukapanda mpaka kipandio cha nne, bila ile bemol hatua inatoka ndefu, na ngazi inaharibika. Bemol inaishusha noti ya si kidogo ili hatua iwe fupi pale pale papa yako alipoichora fupi kwa makaa. Unasikia? Ile alama kwenye karatasi ya Maître inalinda ngazi ya ukuta wa jikoni kwenu. Ameishika mkononi miaka yote, na ulipomuuliza inafanya nini akakwambia imeandikwa. Aibu hiyo ni yake, si yako.

Kwa hiyo sentensi ile usiiseme. Usiiseme kwa sauti, usiiseme kwa kunong'ona, usiiseme ukiwa umefunga vidole mgongoni eti haihesabiki. Na mume wako, kama anasoma gazeti hili, namuuliza: wewe papa wa watoto watatu, kama maneno hayana kilo, mbona Maître anayataka sana? Mbona hakuridhika na mke wako kuimba tu? Mtu akikutaka umkane mzazi wako mbele ya watu, anajua vizuri uzito wa kitu anachokuomba. Vaa viatu vyako tena, utavihitaji. Nitakuambia kwa nini.

Sasa wewe, mama. Usidhani nimemaliza nawe.

Swali lako la ti na si lilikuwa swali. La bemol lilikuwa swali, na zuri. Lile la fa kupanda na nini halikuwa swali, lilikuwa jiwe, nawe ulilirusha mbele ya watu wote. Ulikuwa na haki, lakini ulitaka na kicheko juu yake. Mwanaume yule anaongoza watu bila kinanda, bila mshahara, kwa koo lake lenye mafua, na ulimvua nguo mbele ya mabesi. Jibu lake lilikuwa baya mara kumi kuliko jiwe lako. Hata hivyo jiwe ni lako, ukaliokote.

Na hilo shauri la Colombe la kufunga midomo! Useme uongo tarehe 7 ili ulipize kisasi siku ya Ufufuko? Papa yako atoke Nyantende na mguu wake mgonjwa, aingie kwa mara ya kwanza katika kanisa alilolikataa maisha yake yote, halafu kitu cha kwanza atakachosikia ni binti yake amenyamaza makusudi? Huyo Maître utakayemwaibisha ataamka Jumatatu aendelee na maisha yake. Papa yako atarudi nyumbani na nini? Mwambie Colombe leo hii kwamba jambo hilo limekufa, na maalto waimbe kwa nguvu zote, uwe mbele yao au usiwe.

Halafu wewe na mume wako mwende kwa Maître nyumbani kwake, kabla ya tarehe 7, na mume ndiye abishe hodi. Umwombe msamaha kwa kicheko. Kwa kicheko tu. Akianza habari za uongo wa Waprotestanti, mume wako ajibu, kwa sababu hilo ni neno juu ya mkwe wake, na ni zamu yake kubeba kilo. Siku ya mazoezi simama mbele ya wote useme, "Nilifanya mumucheke Maître, munisamehe," kisha uketi. Usiongeze hata neno moja juu ya papa yako, zuri wala baya. Na kuanzia siku hiyo, katika korali ile, noti ile iite fa. Kujifunza majina ya pale unapoishi si kumkana aliyekulea.

Pengine Maître atalainika. Pengine hatalainika, wanaume wa aina hiyo nawajua, na ubeti wako atampa mwingine.

Kwa hiyo usimdanganye papa yako habari ya mtoto kuumwa. Nenda Nyantende Jumapili hii, ukae jikoni kwake, umweleze yote, hata kicheko. Nadhani atakuuliza bemol ilikuwa wapi. Utamweleza.

Na siku ya Pasaka, kama hukupewa nafasi mbele, ingia na papa yako kwa mkono, mkae benchi moja, na wimbo ukianza simama uimbe alto yako yote tangu do yenu mpaka mwisho. Maître anaongoza korali, haongozi mabenchi.

Papa yako alisema anakuja kukusikia ukiimba. Hakusema utakuwa umesimama wapi.