Kunde ya Mawe na Mahari ya Guylain

Katoyi, Goma
Tarehe 22 Agosti 2010

Mpendwa Yaya Thérèse, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu huko kambini Nakivale. Kifua chako kimepona? Watoto wanasoma? Sisi ni wazima. Mama analalamikia magoti, lakini ukimwambia apumzike anakasirika.

Nina habari ya kukufurahisha. Mahari ya kaka yetu Guylain imepokelewa. Daniella sasa ni mke wetu!

Unakumbuka wazee wa Daniella walivyokataa fedha. Walitaka mbuzi, tena hai na wanene, la sivyo ndoa isubiri. Nasi tulipokimbia vita Kiwanja tulifika hapa na majike wawili tu. Nyuma ya nyumba ni mawe ya volkano matupu. Kiangazi cha mwaka jana mbavu zao zilikuwa zimetokeza, na Mama alikuwa ameshamwita mchinjaji.

Nimetazama shajara yangu. Tarehe 12 Julai mwaka huo niliandika: “Mama ameona mmea.” Ulikuwa umetoka katika ufa wa jiwe, unatambaa, una maua ya zambarau na maganda membamba kama ya kunde. Kila kitu kilikuwa kimekauka, wenyewe ulikuwa kijani. Hakuna aliyeupanda. Mbuzi waliula mpaka wakalamba jiwe, na mchinjaji akarudi mikono mitupu. Tunauita kunde ya mawe.

Lakini Mama ni mkulima wa Kiwanja, unamjua. Alichukua jembe, akang'oa michache iliyoota katika nyufa nyingine ili aipande mlangoni, katika udongo mzuri tuliobeba kwa magunia kutoka Sake. Yote ilikufa. Mzizi wake unashuka mbali ndani ya ufa, na ukikatika, basi. Nilimwona analia kwa ajili ya majani, Yaya, yeye ambaye njiani kutoka Kiwanja hakulia.

Tangu hapo anakata kwa kisu na kuacha kisiki, nacho kinachipua tena. Mbegu zake ni ngumu sana, kwa hiyo anazisugua juu ya jiwe mpaka ganda lichubuke, kisha anaziangusha katika nyufa na kungoja mvua. Majirani walimcheka: “Mama Guylain, leo unasaga mawe?” Sasa kila ufa una kijani chake, na majike wale wamezaa mara mbili, mapacha kila mara.

Jumamosi wazee walikuja. Muzee Adalbert, baba mkubwa wa Daniella, aliwatazama mbuzi kwa dharau.

“Mama Guylain, mbuzi ya Goma inakulaka nini? Mawe?”

“Ndiyo, Muzee. Na ukisimama hapo itakula na kofia yako.”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alipapasa migongo, akafunua kope za kila mbuzi aone kama ndani ni nyekundu, dalili ya afya. Kisha akaomba kuona malisho. Mama alimpeleka nyuma ya nyumba. Mzee alizunguka akitafuta udongo kwa fimbo yake, na kila mahali fimbo iligonga jiwe.

Aliporudi aliwaambia wenzake: “Tufunge mbuzi kamba, twende. Mutoto wetu hatalala njaa kwa huyu mama.”

Nisalimie shemeji Florent, na umbusu Sumaya mdogo. Guylain na Daniella wanakukumbuka kila siku. Mungu awalinde huko ugenini, atukutanishe tena uso kwa uso.

Mdogo wako akupendaye sana,

Charline