Mchungaji aomba choo

Jumatano, Bariadi

Kumbe Mchungaji hakunitaja. Tangu Jumapili nilipomwambia choo cha sisi wapangaji kimetitia na mwanangu Kabula haachi kuharisha, nimeogopa mwenye nyumba atatufukuza.

Leo amekuja kwa mwenye nyumba, akanywa chai, halafu akasema, "Baba, naomba nijisaidie."

"Pita ndani, Mchungaji, choo kipo."

"Hapana, hicho cha wapangaji kinanitosha."

Mzee akavua kofia, akabaki kuishika tu. Mchungaji akasimama anangoja. Nilijificha nyuma ya kanga nilizoanika.

Jioni mafundi wameanza kuchimba choo kipya. Mwenye nyumba akaniita, "Mayu Kabula, mlango mnataka uangalie wapi?"

Miaka yote hii hajawahi kuniuliza kitu. Nimemwambia uangalie ukutani.